Kizingiti cha Sentimeta Saba

Sentimeta saba. Nilipima mara tatu kwa futi yangu ya kukunja, ile ya mbao niliyoitumia miaka thelathini na moja kwenye barabara za serikali, na mara zote tatu ikasema vile vile. Mtu mwenye miguu yake hazioni sentimeta saba. Anainua unyayo, anapita, anaendelea kusimulia habari za mbwa wake. Mimi hizo sentimeta saba nimeziingiza ndani ya nyumba yangu na hazijatoka mpaka leo, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni kitu kidogo.

Naitwa Oiva. Nilikuwa dereva wa greda, baadaye msimamizi wa barabara, sasa ni mzee wa kukaa dirishani. Mke wangu Taimi ndiye aliyekuwa na sifa kijijini, si mimi. Yeye alikuwa mchumaji wa hilla. Ni vitunda vya rangi ya chungwa vinavyoota kinamasini, kimoja kimoja juu ya kijiti chake, na ukivikuta vimeiva ni laini mpaka unaogopa kuvishika. Kila mwaka mwisho wa mwezi wa saba Taimi alirudi na ndoo mbili zimejaa, wakati wengine wamerudi na kikombe kimoja na mwili mzima umevimba kwa mbu.

Mahali pako pa hilla humwambii mtu. Humwambii jirani, humwambii padre, humwambii mume. Ukiulizwa umechuma wapi unajibu "huko msituni", na aliyeuliza anajua amekosa adabu. Mama yake Taimi alimwonyesha yeye peke yake, wiki moja kabla ya kufa, na dada zake wawili hawakumsamehe kwa miaka mingi. Nilikaa naye miaka thelathini na minane bila kujua. Mara moja tu, tukiwa bado vijana, nilimfuata kwa kujificha. Akanizungusha kinamasini saa mbili nzima, kisha akakaa juu ya kisiki, akafungua chupa ya kahawa na kuita bila hata kugeuka: "Oiva, njoo unywe kahawa, umechoka." Nilikunywa. Sikumfuata tena.

Kisha miguu yake ikaanza kufa. Haikufa kwa siku moja, ilikufa polepole kwa miaka sita, kwanza fimbo, kisha fimbo mbili, kisha kiti cha magurudumu. Taimi hakulia. Alikasirika, akavunja vikombe viwili, kisha akazoea. Jambo moja tu hakulizoea. Ikifika mwezi wa saba alikuwa anageuza kiti kielekee ukutani, asiione barabara ya kwenda kinamasini.

Kwa hiyo chama cha kijiji kilipoamua kujenga njia ya mbao juu ya kinamasi, njia ambayo hata kiti cha magurudumu kitapita, Taimi alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye kamati. Wakamshangilia. Picha yake ikawekwa kwenye maombi yaliyopelekwa mkoani. Wakamwuliza njia ipite wapi, naye akachukua kalamu akachora. Siku hiyo hiyo ramani ilikuwa juu ya meza yetu, na mimi nikaona kwamba njia inakwenda moja kwa moja mita mia tatu, halafu inapinda kushoto bila sababu yoyote.

"Mbona imepinda hapa?" nikamwuliza.

"Mandhari."

"Mandhari gani? Hapo kuna msonobari mmoja uliokauka."

"Basi kuna watu wanapenda misonobari iliyokauka," akasema, akaikunja ramani.

Nikaelewa. Mjanja yule mwanamke! Alikuwa ameivuta kazi yote ya kijiji, mbao, nguzo na watu, mpaka mlangoni pa hilla zake, na hakuna aliyejua. Alijinunulia lile koleo refu la mkono la kuokotea takataka bila kuinama, akawa anajifunza sebuleni kuokota njegere sakafuni bila kuziponda. Mwezi mmoja tu akawa hodari.

Lakini alikuwa na sharti lake, na aliniambia waziwazi ili nisijifanye sikusikia. Lazima aweze kuingia kwenye mbao mwenyewe. Asisukumwe, asibebwe, asishikiliwe hata kidogo. "Nikisukumwa na mtu, mtu huyo ameshajua," alisema. "Afadhali nisiende kabisa." Na kwa kuwa alikuwa ameolewa na mtu wa barabara, alijua tatizo litakuwa wapi. Kwenye mbao hakuna shida, mbao zimekaa juu ya nguzo zilizopigwa mpaka chini kwenye udongo mgumu. Kwenye njia ya kokoto hakuna shida vile vile. Shida ni pale kokoto zinapokwisha na mbao zinapoanza.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Huku kwetu kazi ya kinamasini hufanywa wakati wa baridi kali. Kinamasi kimeganda, pikipiki za theluji zinavuta mbao bila kuzama, nguzo zinapigwa watu wakiwa wamesimama pakavu. Hiyo ni sawa, ndivyo inavyopaswa. Ila maungio, pale kokoto zinapokutana na mbao, humalizii wakati huo. Ardhi ya pembeni ya kinamasi ikiganda inavimba na kuwa ngumu kama lami, unamwaga kokoto juu yake, unazisawazisha na mbao, unapiga picha, unafurahi. Mwezi wa tano barafu ya ardhini inayeyuka, udongo unakuwa uji, na kokoto zinakwenda nao chini. Mbao zinabaki juu palepale zilipo. Mtu yeyote aliyetengeneza barabara analijua hilo.

Mwenyekiti wetu Jalmari hakuwa mtu wa barabara. Alijenga madaraja jeshini, huko kusini kwenye mawe, akastaafu akarudi na kofia yake. Tulisoma darasa moja. Msimu wa majani kuanguka, kazi ilipogawanywa, nilinyoosha mkono kuomba nisimamie mimi. Jalmari akatabasamu mbele ya watu wote akasema, "Wewe pumzika, Oiva. Mgongo huo." Watu wakacheka kidogo. Hawakucheka sana, lakini walicheka. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira, na nikakaa nimevimba miezi mitano.

Mwezi wa tatu ukaitishwa mkutano ukumbini. Taimi alikuwa mjini, hospitali ya mazoezi ya viungo, wiki tatu. Alinipigia simu asubuhi ya siku hiyo. Akaniambia niende badala yake, na nisimwombee kitu kingine chochote. "Uliza kuhusu maungio. Uliza hilo tu, Oiva." Nikasema sawa.

Nikaenda. Kulikuwa na kahawa na mikate mitamu ya hiliki, kama kawaida. Jalmari akaonyesha michoro yake ukutani: mbao zimelazwa kwa kukingama ili gurudumu lisinase kwenye upenyo, pembeni kuna ukingo wa kuzuia kiti kisitumbukie, mteremko ni mdogo kabisa. Nitasema kweli, ilikuwa kazi safi. Kisha akasema kokoto za mwanzo wa njia zitamwagwa na kusawazishwa wiki ijayo, wakati ardhi ingali ngumu, ili mambo yote yaishe kabla theluji haijaondoka.

Akauliza kama kuna mwenye neno.

Kwetu mtu akiuliza hivyo, watu hutazama vikombe vyao. Si woga. Ni kwamba anayesema anaonekana anajiona anajua kuliko wenzake, na hakuna anayetaka kuonekana hivyo. Tukatazama vikombe. Jalmari akashika nyundo yake ya mwenyekiti, halafu akaiweka chini, akanitazama mimi. Na hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea mpaka leo, kwa sababu aliniuliza kwa jina.

"Oiva, wewe ni mtu wa barabara. Hapo kwenye maungio, unaonaje?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi: subirini mwezi wa sita. Nikaliona lile tabasamu lake la msimu uliopita, na ule mgongo wangu alioutumia kuchekesha watu. Nikasema, "Mimi sina la kusema."

Nyundo ikagonga meza. Jioni Taimi alipopiga simu nikamwambia mambo yamekwenda vizuri.

Nilifikiri nini? Nitawaambia nilichofikiri, kwa kuwa nimekifikiria tena mara nyingi. Nilifikiri ngoja wazame. Mwezi wa tano kizingiti kitatokea, Jalmari atasimama pale na kofia yake mkononi, atanipigia simu: Oiva, tusaidie. Nami nitakuja na beleshi langu na kimya changu, nitengeneze kwa siku mbili, na kijiji kizima kitaona. Mke wangu hakuwemo katika mawazo hayo. Nilikuwa namkomoa Jalmari, na nilisahau kabisa nani anakaa kwenye kiti.

Mwezi wa tano nikaenda kutazama. Kokoto zilikuwa zimeshuka sentimeta nne. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikunja futi yangu nikarudi nyumbani nikakaa karibu na simu. Taimi akauliza njia imefikia wapi, nikasema wanamalizia. Simu haikulia. Jalmari alikuja na toroli, akamwaga kokoto zingine, zikazama. Akamwaga tena. Nilikuwa namwona kutoka dirishani akipita na toroli lake tupu, na sikutoka. Aje aniombe, nilisema moyoni. Hakuja. Labda naye alikuwa amevimba, kwa vile aliniuliza mara moja nikamjibu.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita ikawa siku ya ufunguzi. Mpango ulikuwa Taimi aingie wa kwanza, peke yake, aende kidogo arudi, huku wengine wakinywa kahawa kwenye maegesho. Aliuomba mwenyewe mpango huo. Alivaa sweta lake la bluu, akajisukuma kwenye njia ya kokoto huku watu wakimpigia makofi, na mimi nikiwa nyuma na futi yangu mfukoni. Alfajiri nilikuwa nimeshapima. Sentimeta saba.

Magurudumu madogo ya mbele yakagonga ubao. Kiti kikasimama ghafla na Taimi akaenda mbele, akajishikilia kwa mikono kwenye magoti. Akarudi nyuma, akajaribu tena kwa nguvu. Kiti kikagonga tena. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa akipiga makofi. Akageuza kichwa akanitafuta mimi kati ya watu, akanipata, akanitazama. Mimi nikatazama kokoto.

Jalmari na mwanaume mwingine wakafika mbio. Wakamwinua na kiti chake, hop, wakamweka juu ya mbao, na makofi yakaanza upya. Taimi akasema asanteni, niacheni hapa, nitaendelea mwenyewe. Hawakusikia, au walisikia wakadhani ni adabu. Jalmari akashika vishikio nyuma ya kiti akaanza kusukuma, na watu wote na vikombe vyao wakafuata, kwa kuwa sasa ilikuwa sherehe. Taimi akashika magurudumu kuyazuia. "Toa mikono, Taimi, utaumia," Jalmari akamwambia kwa upole kabisa. Angesema nini? Angesema msinisukume kwa kuwa mbele kuna siri yangu? Akatoa mikono, akaiweka mapajani.

Wakamsukuma mita mia tatu, wakapinda kushoto, wakamfikisha kwenye mandhari yake.

Mwezi wa sita hilla huchanua. Pale kwenye msonobari uliokauka, pande zote mbili za mbao, palikuwa peupe kama mtu amepasua gunia la unga. Maua hayo kila mtu huku anayajua, na kila mtu anajua kuhesabu wiki sita mpaka matunda yaive. Watu arobaini walisimama na vikombe vyao. Jalmari akatazama maua, akatazama ile kona isiyo na sababu, akamtazama Taimi, akacheka kwa moyo safi.

"Kumbe ndiyo maana, Taimi!"

Na wengine wakacheka. Mmoja akamwambia sasa amekuwa mwenye hilla za kijiji kizima. Taimi naye akacheka. Nimeishi na mwanamke yule miaka mingi, na kicheko kile sikukijua.

Wiki iliyofuata kwenye mwanzo wa njia kukabandikwa kibao kipya, chini ya picha ya kiti cha magurudumu: *pamoja na msaidizi*. Hawakurekebisha maungio, walirekebisha maandishi. Nilipokiona hicho kibao, hasira yote ya miezi minane iliniishia, ikabaki aibu tupu. Nilichukua beleshi.

Nilichimba mwanzo wa njia mpaka magotini, nikautoa ule uji wote. Nikatandika kitambaa cha barabara, kile cha kuzuia udongo usipande, nikamwaga mawe makubwa, kisha madogo, kisha kokoto laini, nikashindilia kila tabaka kwa gogo. Kisha nikatengeneza ubao mpana wa mita moja na nusu, ncha moja nimeifunga kwenye mbao za njia kwa kipande cha mpira mnene wa mashine ya machimboni, ili ukunjike kama bawaba, na ncha nyingine nimeichonga iwe nyembamba, inalala tu juu ya kokoto. Ardhi ikipanda, ubao unapanda nayo. Ardhi ikishuka, unashuka. Hakuna kizingiti, wala hakitatokea. Ilinichukua siku tatu, mgongo na yote. Siku ya pili Jalmari alikuja. Akavua koti, akachukua beleshi la pili, tukafanya kazi mpaka jioni. Alisema neno moja tu wakati wa kuondoka.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema.

Mwisho wa mwezi wa saba nikamwambia Taimi njia iko tayari. Hakuniuliza iko tayari vipi. Akachukua kindoo chake na lile koleo, nikamfikisha kwa gari mpaka maegesho, akashuka kwenye kiti, akaenda. Nilisikiliza. Magurudumu yalipita kutoka kwenye kokoto kwenda kwenye mbao na sauti ikabadilika tu, hakuna mgongano. Nilikaa ndani ya gari na chupa ya kahawa, na kusema kweli nilikuwa na matumaini. Kinamasi ni kikubwa, nilijiambia. Watu si wabaya kiasi hicho.

Alirudi baada ya nusu saa. Nusu saa ni muda mfupi mno, nilijua kabla sijaona ndoo. Pande zote mbili za mbao palikuwa pamekanyagwa, alisema, alama za mabuti mpaka kwenye msonobari. Walichuma mapema ili wasitanguliwe, hata zisizoiva. Ndani ya kindoo mlikuwa na hilla nne mbichi, nyekundu na ngumu, zile ambazo hata wao walizidharau. Akanipa kindoo kupitia dirishani.

"Ubao wako ni mzuri," akasema. "Sikuhisi chochote nilipopita."

Nikaanza kusema. Nilisema Taimi, mwezi wa tatu, kwenye ule mkutano. Akainua mkono.

"Jalmari aliniambia siku ile ile aliyonibeba. Alikuja jioni kuomba radhi, wewe ukiwa unaoga mvuke sauna. Nimesubiri wiki sita uniambie wewe."

 Mara hii nilikuwa nalitafuta neno kweli na sikulipata.

Akageuka kutazama kinamasi, mikono juu ya magurudumu. "Kuna mahali pengine," akasema. "Ng'ambo ya kijito, pakubwa kuliko pale. Mama alinionyesha pote pawili. Kule kiti hakifiki na hakitafika, kwa hiyo nilikuwa nimeamua kukuonyesha kwenye ramani. Mwaka huu. Nilikuwa nangoja tu hizi za hapa ziive, tukae na kahawa, nikuambie."

Nilingoja. Nilingoja kama mjinga, nimeshika kindoo.

"Nipandishe kwenye gari," akasema. "Baridi."

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Tunaishi vizuri, hatugombani, tunakula pamoja. Kila mwezi wa tano naenda na futi yangu kupima maungio, na kila mara ni sifuri, na wageni kutoka mikoa mingine huja kuupiga picha ule ubao. Kibao cha *pamoja na msaidizi* wamekiondoa. Ikifika mwisho wa mwezi wa saba Taimi anageuza kiti kielekee ukutani. Dada yake mdogo huja siku hizo kutoka mjini, yule ambaye walikuwa hawasemezani. Wanafunga mlango wa chumba, wanatandika ramani, na jioni dada yake hurudi kutoka ng'ambo ya kijito na ndoo mbili zimejaa. Mimi huosha ndoo.